Mkono Wako Katika Mtumbwi wa Ngozi

Turffontein, Johannesburg
Oktoba 2018

Baba yangu,

Kuna sauti moja imenikaa kichwani mwaka huu mzima. Ni sauti ya karatasi ikibanduliwa kutoka kwenye ubao uliopakwa wino. Haipasuki wala haikwaruzi. Inanata, inalalamika kidogo, kisha inaachia ghafla. Siku ya kwanza kuisikia niligeuka kukutafuta, kwa sababu ni sauti ile ile ya soli kuukuu unapoivuta kutoka kwenye kiatu, umekibana katikati ya magoti na misumari iko mdomoni. Nilikuwa katika chumba cha watu wanaozungumza Kiingereza na Kizulu, nchi kadhaa kutoka Makambako, na nikageuka mwili mzima. Themba, fundi mkuu wa mashine za kuchapa, akaniuliza, "Unamtafuta nani, sister?" Nikamjibu simtafuti mtu.

Shikamoo, Baba. Kamwene. Mgongo unaendeleaje? Mama aliniambia umekubali kukiwekea kibanda kiti chenye egemeo na kuachana na kile kigoda. Nilifurahi, halafu nikaogopa, maana nakujua: kama maumivu yangekuwa ya kawaida usingekubali kiti. Na ile baridi ya asubuhi imeshaondoka huko? Mimi mwili ni mzima. Nakula, nalala, sikohoi. Ila nina hasira, na nimeibeba muda mrefu mno kuitoa kwa simu. Kwenye simu mimi na wewe huishia kuulizana kama mvua imenyesha.

Najua humuuliza Mama kila mara ninafanya nini hasa huku. Hajui akujibu nini, na si kosa lake. Basi nikueleze kwa lugha ya kibandani. Tunachukua lino, mpira mgumu kama ule wa kutandika sakafuni. Tunachora picha juu yake, kisha tunachonga kwa visu kuondoa sehemu zinazotakiwa zibaki nyeupe. Kinachobaki kimesimama ndicho kinachopakwa wino kwa rola. Karatasi inalazwa juu, inapita kwenye mashine, inabanduliwa. Ubao mmoja, ndivyo tunavyouita mpira huo, unaweza kutoa picha nyingi zinazofanana, na kila moja huhesabiwa kuwa picha halisi, mradi aliyeichonga ameiandika namba na kutia sahihi yake kwa penseli hapo chini. Bila sahihi ni karatasi yenye wino tu. Hakuna anayeruhusiwa kuiuza.

Kabla sijaondoka uliniambia, "Umesoma chuo kikuu ili ukachonge mipira? Mipira ninayo hapa." Nimelikumbuka neno hilo kila siku nikishika kisu, wakati mwingine kwa kucheka.

Mwezi Mei alikuja karakana yetu mgeni kutoka kaskazini kabisa ya Kanada, mama mtu mzima anayeitwa Leah. Ni wa watu wanaoitwa Wainuit, wanaoishi kwenye barafu na bahari. Kule kwao watu wazima walianza zamani kuzichonga hadithi zao kwenye mawe bapa, wakapaka wino na kusugua karatasi nyembamba kwa mkono, na picha hizo zikasafiri dunia nzima. Mama Leah alitandika za kwake mezani. Ndege wenye nyuso za watu. Mwanamke mwenye mkia wa samaki ambaye nywele zake zimenasa chupa za plastiki na nyavu zilizotupwa. Pembeni yake kijana amepanda pikipiki ya theluji, anaongea na simu. Nilimuuliza kama wazee wao hawakasiriki kuona simu ndani ya hadithi. Akasema, "Wanaokasirika ni wanunuzi. Wao wanataka dubu. Nikichora pikipiki wananiuliza dubu yuko wapi."

Kisha akatusimulia hadithi ya yule mwanamke wa chini ya bahari. Nitakuandikia jinsi nilivyoisikia kwake, na yeye aliisikia kwa mama yake mkubwa. Alisisitiza niseme hivyo, kwa sababu si yangu, na kila kijiji kina namna yake ya kuisimulia.

Palikuwa na msichana aliyewakataa wachumba wote. Mwishowe akaolewa na mtu mzuri wa maneno, kumbe ni ndege aliyejigeuza mtu. Akapelekwa kisiwa cha mbali, akalia, na baba yake akamfuata kwa mtumbwi amrudishe nyumbani. Walipokuwa katikati ya maji yule ndege akagundua, akapiga mabawa, tufani ikainuka. Mtumbwi ukataka kupinduka. Baba akaogopa, akamtupa binti yake majini. Binti akang'ang'ania ukingo. Baba akatoa kisu akakata vidole vyake, pingili baada ya pingili. Pingili zikageuka sili, mnyama wa baharini anayefanana na mbwa asiye na miguu, zikageuka nyangumi, na wale wanyama wakubwa wenye pembe mdomoni. Binti akazama, akawa mwenye wanyama wote wa bahari. Watu wa juu wanapovunja miiko, uchafu wa makosa yao hushuka na kunasa kwenye nywele zake. Naye hana vidole vya kujichana. Hapo hukasirika, huwazuia wanyama, na watu hushikwa na njaa. Inabidi mganga ashuke hadi chini ya bahari, akae naye, amchane nywele, amsuke. Akishatulia huwaachia wanyama, na watu wanakula.

Nilimuuliza Mama Leah, "Na yule baba?" Akasema, "Muache ndani ya mtumbwi. Wageni wakiichukua hadithi hii humfanya shetani, au humwondoa kabisa. Kwa namna tunavyoisimulia kwetu, alikuwa mtu mwenye woga katikati ya tufani. Ukimwondolea woga wake, hadithi imekwisha."

Akanieleza pia kuhusu mtumbwi wenyewe, na hapa utapenda, Baba. Ni wa ngozi ya sili iliyoshonwa. Sindano haitoboi mpaka upande wa pili. Inapita katikati ya unene wa ngozi, ndiyo maana maji hayaingii. Nilimwambia baba yangu angetaka kuuona mshono huo kwa macho yake. Akanichorea kwenye karatasi, nimekuwekea humu.

Jioni ile niliisimulia hadithi kwa Mama Furaha, mwenye nyumba ninayopanga. Ni Mkongo wa Bukavu, ana saluni mjini, kwenye jengo la zamani ambalo ghorofa ya juu yake ni kanisa, na Jumamosi mimi humsaidia kuosha nywele na kuchambua rasta. Alisikiliza huku akichambua maharage, kisha akauliza swali moja tu.

"Weye Oliva, ule mama wa chini ya maji, nywele yake nani anamusuka kila siku?"

"Hakuna. Mpaka mganga ashuke."

"Na hana vidole. Basi ndiyo sababu anakasirika! Hata miye, nikikaa wiki mbili bila kusuka, musiniongeleshe. Ambia ule mganga alete mafuta, asikuje na kitana kikavu."

Baba, picha yangu ilizaliwa pale pale. Chini ya bahari nikaweka saluni ya Mama Furaha: viti vya plastiki, kioo kilichopasuka pembeni, ndoo ya maji ya moto. Mwanamke wa bahari amekaa chini katikati ya magoti ya Mama Furaha, kama sote tunavyokaa tukisukwa, na nywele zake zimetawanyika ukutani zikiwa na vyote vilivyonasa: tiketi za basi, mihuri ya mpakani, vigae vya vioo vya maduka ya wageni yaliyovunjwa huku mjini. Juu ya maji nikachonga mtumbwi, na mshono wake nikauchonga kama mshono wa raba unazotengeneza. Ndani ya mtumbwi yupo baba mwenye kisu.

Sijawahi kumwona mzee wa Kiinuit akishika kisu. Mkono wenye kisu ninaoujua mimi ni mmoja. Kidole gumba juu ya mgongo wa kisu, kidole cha shahada kimenyooka, mpini umezungushiwa kipande cha tyubu ya baiskeli kisiteleze. Nilichonga mkono huo bila kuamua. Nilipoinua kichwa, ulikuwa wako, mpaka lile kovu la sindano.

Themba alipovuta karatasi ya kwanza, sauti ile ikatoka. Akasema, "Eish. Huu mkono unafanya kazi." Sijawahi kusifiwa kwa neno zuri kuliko hilo.

Sasa hasira.

Anayepanga maonyesho ya karakana anaitwa Caroline. Si mtu mbaya, anakumbuka majina ya watu na huleta keki. Alipoiona picha mara ya kwanza aliinamisha kichwa upande. "Ni kazi nzuri sana, Oliva. Lakini kwa nini barafu? Kwenu hakuna hadithi? Watu wanakuja hapa kutafuta Afrika."

Nikamwambia hata anaowauzia picha za ng'ombe na vibuyu hawajawahi kukama ng'ombe. Nikasema hadithi inasafiri kama watu, na mwenyewe Mama Leah amenipa ruhusa. Kwa Kiingereza huwa nasema maneno yaliyonyooka sana, kama nasoma taarifa, na nikimaliza nahisi hayakuwa yangu. Aliitikia kwa kichwa, kwa adabu. Kisha akaona mkono. "Huyu ni nani?"

Nikajibu ukweli. Nikasema ni mkono wa baba yangu, ni fundi viatu. Macho yake yakawaka. Akavuta kiti. Akaniuliza kama ulitaka nije huku. Nikasema hapana, hukutaka. Akaniuliza uliagana nami vipi. Nikasema hukusema neno. Nilidhani tunazungumza tu, mtu na mtu.

Wiki mbili baadaye nikaona maandishi yatakayobandikwa ukutani kando ya picha yangu, yale yale yaliyoandaliwa kwa kadi za mwaliko. Nakutafsiria: "Msanii huyu, aliyetupwa na baba yake kwa kuchagua sanaa, anatumia hadithi ya Wainuit kusimulia ukatili alioukimbia katika familia ya Kiafrika."

Nilisoma nikiwa nimesimama, nikasoma tena nikiwa nimekaa. Nikaenda kwake. Nikasema, "Sikutupwa. Sikukimbia."

"Ulisema hakukuaga."

"Nilisema hakusema neno. Si kitu kimoja."

"Ni tafsiri tu, Oliva. Mtazamaji anahitaji mlango wa kuingilia. Huoni nguvu yake? Mkono ule ule uliokulea ndio wenye kisu."

"Kisu hicho kinatengeneza viatu."

Akanishika bega. Akasema ananielewa, kwamba ni vigumu kukubali maumivu yetu. Baba, sijui nikueleze vipi. Mtu akikutukana unaweza kumjibu. Huyu alinihurumia. Kila nilichokikana kikawa ushahidi wa kile alichokisema. Nikiwa mkali, ni majeraha. Nikinyamaza, ni majeraha zaidi. Akamalizia kwa upole kwamba picha hiyo ndiyo itakayokuwa kwenye mwaliko, na kwamba nafasi yangu ya mwaka wa pili hapa karakana, ambayo ndiyo inanipa kibali cha kukaa nchi hii, itaamuliwa baada ya maonyesho. Hakunitisha. Alitaja tu.

Nilimpelekea Themba malalamiko. Alicheka mpaka akafuta macho kwa kitambaa cha wino. "Sister, maandishi yote ya ukutani yanadanganya. Yangu yanasema nilizaliwa kwenye kibanda cha mabati. Mama yangu ana nyumba Soweto, ina varanda na mbwa wawili. Siku aliyokuja kwenye maonyesho alitaka kumpiga mtu."

"Na ukafanya nini?"

"Nikauza picha."

Mama Furaha yeye hakucheka. Aliacha kichwa cha mteja nusu kimesukwa. "Baba yako alikutupa? Alikutupa wapi, ndani ya basi? Na tiketi nani alilipa?" Nikasema ulilipa wewe. Akamgeukia mteja, "Musikie hii! Mutu analipa tiketi ya kumutupa mutoto wake!" Saluni nzima ikaingia kwenye mjadala, na mimi nikabaki nimeshika mafungu ya rasta.

Nilikaa siku nyingi nikijichunguza. Nilijiuliza kama Caroline aliona kitu ambacho mimi sikitaki. Nikarudi kimawazo kwenye asubuhi ile ya kuondoka, kibandani kwako pale stendi. Ulichukua viatu vyangu vya safari, ambavyo havikuwa na kasoro, ukavibandua soli ukaanza kuvitia mpya. Basi lilipofika ulikuwa bado unagonga. Konda alipiga kelele, abiria wakalalamika, Mama akakuita, wewe ukaendelea kugonga bila kuinua uso. Nilikasirika sana. Nilipanda nikiwa na viatu ambavyo gundi yake haijakauka, na sikukupungia mkono. Nilisema moyoni, hata neno moja?

Pale Tunduma askari wa mpakani alipekua begi langu, akatoa kitu kilichofungwa kwa tyubu ya baiskeli. Kisu chako cha pili, kile kidogo. Akakiangalia, akaniangalia. "Binti, wewe ni fundi au jambazi?" Nikasema mimi ni mtoto wa fundi. Akakirudisha. Sijakuambia kwamba nilikiona. Ndicho nilichochongea picha hii yote.

Nilikuwa najua redio yako inasema nini juu ya huku, jinsi wageni wanavyopigwa na maduka yao kuchomwa. Nilijua, ila sikuyaunganisha hayo na nyundo yako. Imenibidi nimsikilize mama wa Kiinuit akiniambia nimwache baba ndani ya mtumbwi na woga wake. Ulikuwa unagonga kwa sababu ya woga, Baba. Hilo nalo sikuliona mpaka nilipoichonga picha, na Caroline hataliona hata akiitazama mwaka mzima, kwa sababu ameshaiandikia maneno.

Msalimie Mama, mwambie kitenge alichonipa ndicho pazia langu. Msalimie mdogo wangu Shukuru, ajifunze useremala wake na aache kunitumia picha za pikipiki. Msalimie shangazi Rehema wa kwaya, na jirani yako wa kibanda, Mzee Sanga mshona mabegi, mwambie lile begi lake halijaachia uzi hata mmoja. Bibi mwambie nasukwa vizuri, asiwe na wasiwasi juu ya kichwa changu.

Jambo lenyewe nililoliandikia barua nimelibakiza mwisho, na halihitaji ushauri kwa sababu limeshafanyika.

Kuna desturi katika kazi hii. Picha zikishatoka za kutosha, mchongaji huchukua kisu na kuupiga ubao mstari wa kina, kona hadi kona, ili mtu yeyote asiweze tena kuchapa kutoka kwake. Jumatatu nilifika kabla ya wengine. Nilichukua picha tatu tu nikaziandika namba na kutia sahihi. Moja imetumwa kwa Mama Leah. Moja iko kwenye ukuta wa saluni, juu ya kioo. Ya tatu ndiyo hii uliyonayo, imekuja kwa mkono wa dereva wa basi. Nyingine zote nimeziacha bila sahihi. Nikamwandikia Caroline kwamba picha yangu haitakuwepo na nafasi ya mwaka wa pili ampe mwingine. Kibali changu kinaisha Desemba.

Themba alifika nikiwa nimeanza kukata. Hakunizuia. Nilianza kona ya juu, nikapita kwenye anga na tufani. Kisu kilipofika kwenye mtumbwi nikasimama, kwa sababu mbele yake palikuwa na mkono wako. Nikamuuliza Themba kama naweza kuuzunguka. Akasema, "Mstari ukizunguka, si mstari. Watachapa tu huo mkono peke yake." Basi nikaweka kidole gumba juu ya mgongo wa kisu, kidole cha shahada nikakinyoosha, nikaupitisha mstari juu ya mkono wako.

Kwenye ubao haupo tena, Baba. Hiyo karatasi iweke mahali pakavu.

Binti yako,
Oliva